DAWA YA MAJANI INAYOLETA WEUPE: TUIJUE MBELE YA KUIPAKAA



Safari hii darasa letu limepewa zamu ya kujaza kurasa za gazeti. Tumechagua kusema juu ya jambo ambalo watu wengi wa Kindu wanalijua lakini hawapendi kulisema waziwazi, ndilo kujipakaa dawa kusudi ngozi iwe nyeupe. Wengine watasema: "Hiyo ni habari ya wamama. Gazeti la shule linaingia humo kufanya nini?" Tunajibu kwamba ni habari yetu pia, sababu makopo yale yamekwisha kuingia katika mifuko yetu ya vitabu, karibu na Biblia na kalamu. Tena si ya wasichana tu. Wavulana wako, wanajipakaa usiku kusudi wasionekane.

Desturi hii ina majina mengi. Wenzetu wa Kinshasa wanaiita kopakola. Watanzania wanasema kujichubua, na ule mchanganyiko wa dawa wanauita mkorogo. Huku kwetu tunasema tu kwamba fulani "anapakaa", na kila mtu anaelewa anapakaa nini.

Hatutaki kurudilia maneno ambayo kila mtu amesikia. Watu wameonywa miaka mingi juu ya dawa kali, na wauzaji nao wamesikia maonyo hayo. Kwa hiyo wamebadilisha usemi. Ukifika leo sokoni, mama mwuzaji anakuambia kwa sauti ya upole: "Hii haina produi, mwanangu. Ni majani tupu. Haiwezi kukufanya kitu." Neno hilo "majani tupu" ndilo lililotufanya tuandike. Sisi watu wa Maniema tumelelewa na majani. Mtoto akipata homa, bibi anachemsha majani. Mtu akiumwa tumbo, bibi anajua mti gani wa kutwanga. Tukisikia "dawa ya majani", moyo unatulia mbele hata hatujauliza ni majani gani. Basi tulijiuliza: mmea ukizuia rangi ya ngozi, unaizuia namna gani? Na je, ni haki moyo wetu utulie?

Mwalimu wetu wa kemia alitupa shauri moja: tusimtukane mtu, tusome kwanza. Tukakusanya makopo, tubu na chupa tupu kutoka kwa majirani na jamaa zetu wa Kasuku, wa Mikelenge, hata wa Alunguli ng'ambo ya mto. Zikajaa juu ya meza, zaidi ya kumi. Nyingine zilikuja na ndege toka Goma, nyingine na reli toka Lubumbashi, kwa hiyo zimesafiri kuliko wengi wetu. Mbele ya kopo kuko picha nzuri: karoti, papai, limau, jani la aloe, na uso wa msichana anayecheka. Nyuma kuko maandishi madogo sana. Kwa moja tulitumia kioo cha kukuza cha maabara. Kwa nyingine hapakuwa hata jina la kiwanda. Wazee wa pwani wana methali inayosema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tuliikumbuka siku ile.

Sasa tueleze kidogo ngozi yetu inavyofanya kazi, kwa kuwa asiyejua kazi ya kitu hawezi kujua hasara ya kukipoteza.

Chini ya ngozi ya juu kuko chembe zinazoitwa melanosite. Hizi ndizo kiwanda cha rangi. Ndani yao kuko enzimi moja, jina lake tirozinazi, na katikati ya enzimi hiyo kuko shaba kidogo, shaba ileile ya Katanga. Enzimi hii inachukua tirozini, ambayo mwili unaipata katika samaki, nyama na maharagwe au inajitengenezea yenyewe, na inaanza kuigeuza hatua kwa hatua mpaka inakuwa melanini, ndiyo rangi. Melanini inatiwa katika vifuko vidogo sana. Halafu melanosite moja inagawia vifuko hivyo chembe jirani karibu 36. Na kila chembe ikipokea vifuko vyake, inavipanga juu ya kiini chake, upande wa jua, kama mtu anayevaa kofia. Tuliposoma hivyo tulishangaa. Rangi yetu si kitu kilichopakwa juu ya mwili kama rangi ya nyumba. Kila chembe imevalishwa kofia yake.

Jambo lingine lilitushangaza. Hesabu ya melanosite za mtu mweusi na za mzungu ni karibu moja. Tofauti ni kwamba kiwanda chetu kinatoa melanini nyingi zaidi, na vifuko vyetu ni vikubwa zaidi. Juu ya nini? Angalieni karata ya dunia. Kindu iko karibu digri 3 tu kusini ya ikweta. Jua linapita juu ya vichwa vyetu mwaka mzima. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walipima ngozi ya juu ya watu weusi na ya wazungu. Walikuta kwamba ngozi nyeusi iliacha karibu sehemu 7 tu kwa 100 za mionzi mikali ya jua, ile inayoitwa UVB, zipite ndani. Ngozi nyeupe iliacha karibu sehemu 24. Mama anayelima shambani au kuuza samaki kando ya Lualaba toka asubuhi mpaka saa nane anatembea na dawa yake ya jua tayari, na hakuinunua.

Basi, mimea inaingia wapi? Ni kweli kwamba kuko mimea inayopunguza melanini. Wauzaji hawakudanganya katika jambo hilo, na sisi hatutaki kudanganya kwa kuwajibu. Iliyo maarufu ni hii. Kuko kichaka kidogo cha nchi za baridi, wataalamu wanakiita Arctostaphylos uva-ursi; majani yake yana kitu kinachoitwa arbutini. Kuko mzizi wa susi, mtamu mdomoni, una glabridini. Kuko mforsadi, mti ambao majani yake yanalishwa wadudu wa hariri. Kuko pia asidi kojiki, lakini hiyo si mmea hata kidogo: inatoka katika ukungu ambao Wajapani wanautumia kuchachusha mchele, na iligunduliwa mwaka 1907. Zote hizi zinafanya kazi karibu moja. Zinakwenda kwa ile tirozinazi na kuizuia; nyingine zinashika shaba yake, nyingine zinakaa mahali pa tirozini. Kiwanda kinabaki, lakini fundi amefungwa mikono. Vifuko vinakwenda kwa majirani vikiwa na rangi kidogo, na kofia zinakuwa nyepesi.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Katika mimea hiyo yote, ni upi ambao bibi zetu waliutwanga? Hakuna. Kichaka kile hakioti huku, na susi inakuja katika pakiti toka mbali. Bibi hakutuachia hata mmea mmoja wa kuondoa rangi. Kwa hiyo mwuzaji akisema "majani", anaazima imani tuliyo nayo kwa bibi, halafu anaitia juu ya kitu ambacho bibi hakukijua. Hiyo ndiyo hila, na kuigundua kulitusaidia kuliko formula zote za kemia.

Arbutini inafaa tuiseme zaidi. Tulipoandika formula yake ubaoni tulikuta ni sukari iliyofungwa pamoja na hidrokinoni. Ndiyo, hidrokinoni ileile ambayo mwuzaji anaapa kwamba haimo. Kwa kweli imefungwa, na kwa hiyo ni pole kuliko hidrokinoni iliyo wazi. Lakini joto, asidi, na hata vijidudu vinavyoishi juu ya ngozi vinaweza kufungua fundo hilo. Ndiyo sababu mwaka 2024 nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka mipaka katika sheria: asidi kojiki isipite sehemu 1 kwa 100, nayo arbutini ikapewa kipimo chake. Wenye viwanda vikubwa na maabara nzuri wanapima majani hayo kwa mizani. Sisi tunayapakaa kwa kiganja, mwili mzima, asubuhi na jioni.

Tena, neno "imethibitishwa na wataalamu" lisitutishe. Majaribio mengi ya mimea hii yanafanywa kwanza juu ya tirozinazi ya uyoga. Msicheke, ni uyoga wa kula, kwa kuwa enzimi yake inapatikana kwa urahisi na bei yake si kubwa. Halafu wanajaribu juu ya chembe za panya katika chupa. Mimea mingi inayozuia enzimi ya uyoga haifanyi hivyo kwa enzimi ya mtu. Hata ile inayofaa kwa mtu, kazi yake ni ndogo, inachukua wiki na miezi, na ukiacha kupakaa, fundi anafunguliwa mikono na rangi inarudi. Madaktari wa ngozi wanaitumia kwa mahali padogo, kwa mfano mama aliyepata mabaka usoni wakati wa mimba, na kwa muda uliopimwa, tena wanamwambia ajifunike na jua. Hiyo ni kazi nzuri, hatuilaumu. Lakini kubadilisha mtu mzima, toka kichwa mpaka mguu, majani hayo hayawezi.

Na ile limau na papai iliyo juu ya picha? Karoti ina rangi ya manjano. Mtu akila nyingi sana inaweza kumpa umanjano katika viganja, lakini haizuii melanini. Papai bichi lina utomvu unaokula ngozi iliyokufa, unachubua tu. Ngozi ya limau na ya ndimu ina kitu kinachoamka kikipata jua: mtu akijipakaa halafu akatoka juani, anaweza kuungua na kutoka malengelenge, na alama inayobaki ni nyeusi kuliko mbele. Alitafuta weupe, amepata mabaka.

Sasa swali linakuja lenyewe. Kama majani yanafanya kazi pole hivyo, mbona kuko watu wanaopakaa "majani tupu" na baada ya wiki mbili wamekuwa weupe? Watafiti waliopima krimu za namna hiyo katika nchi nyingi mara kwa mara wamekuta ndani yake vitu ambavyo havikuandikwa juu ya kopo. Ni vitatu, na ni vizuri tuvijue kwa majina.

Cha kwanza ni hidrokinoni. Historia yake inaanza karibu kwa bahati. Mwaka 1939 huko Marekani, wafanya kazi weusi wa kiwanda cha ngozi za wanyama walianza kuwa na mabaka meupe mikononi, mahali palepale pa glavu. Madaktari wakachunguza, wakakuta kwamba mpira wa glavu ulitiwa kitu cha jamaa ya hidrokinoni kusudi usizeeke. Kitu kilichokuwa ugonjwa wa kazi kwa watu wale, wafanya biashara wakakigeuza kuwa bidhaa. Mwaka 1975 huko Afrika ya Kusini daktari aliandika juu ya wanawake waliotumia krimu za hidrokinoni muda mrefu: mashavu yao yalitoka weusi wa kibuluu, ngozi ikawa ngumu yenye vipele. Nchi ile ikaikataza mwaka 1990, na Ulaya ikaiondoa katika krimu za urembo mwaka 2001. Na wote tunajua ule mzaha wa mtu mwenye uso Fanta na vidole Coca. Ngozi ya vifundo vya vidole ni nene na inakataa dawa, kwa hiyo vidole vinabaki kushuhudia.

Cha pili ni zebaki, ile tunayoiita merkiri. Chumvi zake zinaharibu tirozinazi kwa kuchukua mahali pa shaba. Lakini haikai katika ngozi tu. Inapita katika damu, inaharibu mafigo na mishipa ya fahamu, na mama mwenye mimba anaweza kumpa mtoto wake mbele hajazaliwa. Mwaka 2013 mataifa yalipatana juu ya zebaki katika mapatano yaliyopewa jina la Minamata, mji wa Japani ambapo watu wengi waliharibika kwa kula samaki wenye sumu hiyo. Mwaka 2023 wakaongeza kwamba krimu zote zenye zebaki zikome mwaka 2025. Karatasi imekwisha kuandikwa, lakini makopo yangali yanasafiri.

Cha tatu ni kortikoidi, kama klobetazoli. Hiyo ni dawa ya kweli ya hospitali, inasaidia wenye ugonjwa wa ngozi kwa siku chache. Mtu mzima akiipakaa kila siku mwili mzima, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya gazeti hili, inapasuka mistari, na inasahau kujiponyesha. Shinikizo la damu linaweza kupanda, sukari vilevile.

Juu ya hiki cha tatu tuna ushuhuda. Dada wa mmoja wetu alipasuliwa kwa kuzaa. Mtoto alitoka mzima, tunamshukuru Mungu. Lakini kidonda cha mama hakikukubali kufunga. Nyuzi zilikuwa zinakata ngozi. Daktari alimwuliza kwa upole: "Mama, unapakaaka nini?" Akanyamaza. Siku ya tatu akamwambia mama yake: "Ile ya majani." Wakaleta kopo. Halikuwa na orodha yoyote. Alilala hospitalini juma kwa juma, na jamaa wakauza mbuzi wawili na pikipiki kwa kulipa. Leo amepona, na ni yeye aliyetuambia: "Muandike. Mimi niliuliza tu kama inafanya mutu mweupe. Sikuuliza kitu kingine." Hatukupima kopo lile katika maabara, kwa hiyo hatutasema kwa hakika lilikuwa na nini. Tunasema tu kwamba jani la susi halifanyi hivyo.

Kuko ushuhuda wa pili, na huo ulitunyamazisha zaidi. Katika darasa letu kuko mwenzetu aliyezaliwa na ualbino. Chembe zake za rangi ziko, lakini kiwanda hakitoi melanini ya kutosha. Anakaa kwenye benchi la mbele kwa sababu macho yake yanataabika na ubao. Anavaa kofia pana na mikono mirefu hata wakati wa joto, na mama yake anamchunguza midomo na masikio kila Jumamosi, maana watu wengi wenye ualbino katika Afrika wanapata kansa ya ngozi wakiwa bado vijana. Siku tuliyokuwa tunabishana juu ya makopo, wengine wakisema kila mtu ana uhuru na mwili wake, yeye aliinuka na kusema: "Miye niko natafuta kile ninyi muko mnalipa franka kusudi mukipoteze." Akakaa. Hakuna aliyejibu. Ametukubalisha kuandika maneno yake bila kuandika jina lake.

Ndugu zetu hawa wanastahili zaidi ya huruma. Mjini Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, kuko hospitali ya KCMC iliyojengwa kwa nguvu za makanisa. Huko wanatengeneza dawa ya kuzuia jua inayoitwa Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino wa Tanzania. Na kila tarehe 13 ya mwezi wa sita, toka mwaka 2015, dunia nzima inakumbuka watu wenye ualbino kwa azimio la Umoja wa Mataifa. Tumeomba viongozi wetu kwamba siku hiyo isipite shuleni kama siku nyingine. Fikirini: Moshi mafundi wanafanya kazi kwa kuwapa watu kivuli kidogo cha kupaka mwilini, na huku sisi tunalipa kwa kujivua kile tulichovalishwa bure.

Sasa, nani anatusukuma? Ni rahisi kusema kwamba wakoloni walituachia fikara kwamba mweupe ni mkubwa na mweusi ni wa chini. Ni kweli, wazee wanakumbuka mji ulivyokatwa, mtaa wa wazungu mbali na mtaa wa weusi. Lakini wakoloni waliondoka mwaka 1960, na sisi tuliozaliwa nyuma sana ndio tunaoendelea kusema, "Ameoa muke muzuri, mweupe." Tunaita mtoto mweusi wa nyumba "makala" na kucheka. Mtoto anasikia. Akifika miaka kumi na minne na kupata franka zake za kwanza, tunashangaa amezipeleka wapi.

Kukataza kwa nguvu peke yake hakukusaidia sana. Mwaka 1969 huko Dar es Salaam vijana wa chama cha TANU walianza Operesheni Vijana kwa kukataza nguo fupi, mawigi na krimu za kujichubua. Lakini kazi kubwa ya vijana wengine ilikuwa kuwazomea na kuwashika wasichana barabarani, na krimu hazikuisha. Rwanda ilifanya tofauti mwishoni mwa mwaka 2018: wakaguzi na polisi walikwenda madukani, wakaondoa makopo kwa mwuzaji badala ya kumfukuza mnunuzi. Hiyo tunaiona bora. Hata hivi, kama macho yetu hayajabadilika, kopo litapita usiku kwa mtumbwi.

Tuliangalia Biblia pia. Katika Yeremia sura ya 13, nabii anamtaja mtu wa Kushi na ngozi yake kama mfano wa kitu kisichobadilika. Hakuwa anasifu wala kutukana rangi. Alikuwa anasema juu ya watu waliozoea dhambi. Katika Wimbo Ulio Bora, sura ya kwanza, msichana anajitambulisha kuwa mweusi na mzuri, halafu anawaomba watu wasimkazie macho, kwa sababu jua limemchoma akilinda mizabibu ambayo ndugu zake walimpa kazi ya kuilinda. Tulipoisoma katika ibada ya asubuhi, msichana mmoja aliuliza: "Juu ya nini alihitaji kujieleza, kama alikuwa mzuri?" Tukatambua kwamba hata zamani zile taabu ilianza katika macho ya waliomwangalia.

Kwa hiyo haya ndiyo tuliyopatana darasani, na tunawaomba wengine wayafikiri.

Kwanza, sisi wavulana tutaacha kusifu weupe kama kwamba ni tabia njema. Tumekatazana pia lile jina la "makala".

Pili, mtu akituambia "ni majani tupu", tutauliza maswali matatu: Majani gani? Kipimo gani? Orodha iko wapi? Kama hakuna jibu, hakuna franka. Zile franka zinaweza kulipa minervali, na minervali haina madhara mwilini.

Tatu, kwa wale wanaokwisha kupakaa, hatuwatupi na hatuwacheki. Tunawasihi wamwambie muganga au mwuguzi bila haya, zaidi sana mama mwenye mimba na yule anayekwenda kupasuliwa, na walete kopo lenyewe. Wasiikate dawa kali kwa siku moja bila shauri, sababu mwili uliozoea kortikoidi unaweza kuumia ukinyimwa ghafula. Waulize namna ya kupunguza kidogo kidogo.

Wazazi wetu, tunawaomba ninyi pia. Wakati wa harusi na sikukuu uko karibu, na tunajua katika nyumba nyingi bibi arusi anaanza "kutayarishwa" mwezi mzima mbele. Mtayarisheni kwa maji, sabuni na mafuta yetu ya mbegu za ngazi. Aingie kanisani na uso ambao mama yake anautambua.

Mwenye swali au mwenye neno la kutupinga atuandikie. Tutalitia katika gazeti linalofuata.

Sisi wanafunzi wa seksio ya Biolojia-Kemia, Kindu.